Akirudi, Atarudi Kwenye Nini?

Familia inayogundua kwamba mtoto wao, au baba mwenye nyumba, ameshikwa na uraibu wa dawa za kulevya au pombe huuliza swali moja kabla ya mengine yote: tumpeleke wapi? Nimelisikia likiulizwa na wenye uwezo na wasio nao, wasomi na wasiojua kusoma, mara nyingi kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa. Ni swali la haki. Ila nimekaa na familia za namna hii kwa muda wa kutosha kuona kwamba lipo swali la pili, ambalo karibu hakuna anayeliuliza mapema, na ndilo linaloamua mengi. Akirudi, atarudi kwenye nini?

Maana atarudi. Nyumba ya matibabu hata iwe nzuri vipi, humshika mtu kwa wiki au miezi kadhaa, kisha humrudisha kwenye chumba kile kile, njia ile ile, simu yenye namba zile zile, na watu wa nyumbani waliochoka, wenye hasira ambazo hazijapata pa kusemewa. Majirani tunampongeza siku ya kwanza, siku ya pili tunampeleleza, na siku ya tatu kila mtu ameshika njia yake. Akiteleza, tunatikisa vichwa na kusema tulijua.

Naamini kazi kubwa ya jamii ipo hapo hapo, kwenye mapokezi. Na naamini kazi hiyo ndiyo inayowazuia watoto wengine wasianze. Tumezoea kugawa: kinga ni ya shule na mabango, tiba ni ya hospitali, na kupona ni juu ya mhusika mwenyewe na Mungu wake. Kwa nilivyoona, ni kazi moja inayofanywa na watu wale wale, na sehemu yake kubwa hufanyika saa za jioni, pale ambapo hakuna daktari wala mwalimu.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao ningependa kila kamati ya mtaa iujue. Mwaka 1971 Marekani ilikuwa inawarudisha askari wake kutoka Vietnam, ambako heroini ilipatikana kwa urahisi na kwa bei ndogo. Mtafiti aitwaye Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia. Karibu askari mmoja kati ya watano alisema alikuwa ameshikwa na dawa hiyo akiwa vitani. Serikali ilijiandaa kwa balaa. Lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni karibu asilimia 5 tu ya wale waliokuwa waraibu kule waliokuwa waraibu tena nyumbani. Wengi wao hawakuwahi kulala hata usiku mmoja katika kituo cha matibabu baada ya kurudi.

Utafiti huo umeelezwa kwa namna nyingi, na mimi siutumii kusema kwamba uraibu ni jambo jepesi. Askari wale walikuwa vijana, na wengi wao hawakuwa wameitumia kwa miaka mingi. Ninachokiona humo ni hiki: walipotoka, waliacha nyuma muuzaji, kundi, harufu, hofu na muda mtupu, vyote kwa pamoja. Mtu wetu anayetoka kituoni hufanyiwa kinyume chake. Huko alikotibiwa ndiko alikokuwa mgeni, na anakorudi ndiko ubongo wake unakojua kila kona. Anapita mahali alipozoea kununua, moyo unamwenda mbio, mate yanamjaa, na hamu inampanda kabla hata hajafikiri. Haihitaji awe muongo au mdhaifu wa imani ili hilo limpate.

Kuna jambo la hatari zaidi ambalo familia nyingi haziambiwi, nami nalisema kila ninapopata nafasi. Mwili wa mtu anayetumia heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni huizoea, kiasi kwamba dozi yake ya kila siku ingeweza kumuua mtu mwingine. Akiacha kwa wiki kadhaa, iwe kituoni, gerezani au kwa kufungiwa ndani, mazoea yale yanaondoka. Akiteleza na kuchukua dozi ile ile ya zamani, pumzi inaweza kukoma. Kwa hiyo siku tunazozishangilia, za mara tu baada ya kutoka, ni miongoni mwa siku anazoweza kufa kwa urahisi kuliko zote. Nimeona mama akilisikia hili kwa mara ya kwanza baada ya mazishi. Hapakuwa na la kumjibu.

Jirani yeyote anaweza kufundishwa dalili zake kwa muda mfupi: mtu haamki hata akitikiswa kwa nguvu, anapumua polepole sana au anakoroma kwa kukatika, midomo na kucha zimebadilika rangi, mboni za macho zimesinyaa zikawa nukta. Kumwagia maji, kumchapa makofi au kumlazimisha anywe kitu hakusaidii, na kunaweza kumpalia. Anahitaji kupuliziwa pumzi kama mnajua jinsi, kulazwa ubavu iwapo anapumua, kutafutiwa msaada wa hospitali mara moja, na kupewa naloksoni kama ipo. Naloksoni ni dawa inayoondoa nguvu ya afyuni mwilini ndani ya dakika chache tangu itolewe, na haimletei uraibu anayepewa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wanaoweza kumshuhudia mtu akizidisha dozi, wakiwemo ndugu na marafiki, waweze kuipata na wafundishwe kuitumia. Ila nguvu yake huisha mapema, wakati mwingine kabla ya ile ya heroini, kwa hiyo mtu akizinduka bado ni wa kupelekwa hospitali na si wa kuachwa alale peke yake.

Pombe nayo ina mtego wake, tena wa kinyume. Watu huogopa zaidi arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, kwa sababu inaonekana: jasho, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa. Inatesa vibaya, na mwili unaweza kukaukiwa maji, lakini kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine ni mara chache arosto yenyewe kuua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka ndiye wa kuogopewa zaidi pale anapoacha ghafla. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kupata degedege, na siku zinazofuata akachanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio hadi akafa. Familia inayomfungia mlevi chumbani kwa nia njema ya kumwachisha inaweza kumuua. Wa namna hiyo anapaswa kuacha akiwa mikononi mwa wahudumu wa afya, ambao wana dawa za kutuliza hali hiyo.

Basi hayo ni ya mwili. Ya nyumbani ni magumu zaidi kuyaeleza, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika.

Kundi la familia ninalokaa nalo lina zoezi ambalo mgeni akilikuta anaweza kudhani ni igizo. Viti vinasogezwa kando, vinabaki viwili. Mzazi mmoja anakaa kama yeye mwenyewe, mwingine anakuwa mtoto anayeingia usiku. Nakumbuka jioni moja baba mmoja mpole, mtu wa maneno machache, alipewa kucheza kama mwanawe. Aliinuka, akatoka nje, akaingia akiburuza miguu, macho chini, mkono mmoja ukishika ukuta. Chumba kizima kilijua alikuwa ameangalia kwa muda gani hadi kuweza kuingia hivyo. Mama aliyekaa kitini alianza kama anavyoanza kila usiku: ulikuwa wapi, unataka kuniua, angalia wenzako. Mwezeshaji akamsimamisha kwa upole. "Mama, usiku huu akija hivi, hakuna atakalolisikia. Tujaribu tena." Mara ya pili alisema tu, "Nimeona umefika. Nakwenda kulala, tutazungumza asubuhi," akainuka. Sauti yake ilitetemeka. Kisha wakafanya zoezi la siku nyingine, siku ambayo mtoto anaingia akiwa mzima. Hapo yule mama alikwama kabisa, hakuwa na neno. Alikuwa na maneno mengi ya usiku mbaya na hakuwa na hata moja la jioni njema. Ilibidi wenzake wamsaidie kulitafuta: "Nimefurahi kukuona ukiwa hivi, mwanangu. Kaa nasi."

Zoezi lile lina msingi. Robert Meyers na wenzake huko New Mexico, Marekani, walijenga njia ya kuwafundisha ndugu namna ya kuishi na mtu asiyetaka matibabu: kumkaribia na kumpa raha za nyumbani anapokuwa mzima, kujiondoa bila ugomvi anapokuwa amelewa, kuacha kumfichia matokeo ya matendo yake, na kuchagua wakati sahihi wa kumtajia matibabu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, walilinganisha njia hiyo na nyingine mbili kwa ndugu wa watu waliokataa kutibiwa ulevi. Njia hii iliwafikisha kwenye matibabu asilimia 64 ya wahusika. Kikao cha ghafla, ambapo familia nzima humzunguka mtu na kumkabili, kiliwafikisha asilimia 30, na familia nyingi zilizopangiwa njia hiyo hazikuweza hata kukifanya kikao chenyewe. Njia ya tatu ilifuata mwelekeo wa Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi vilivyoanza mwaka 1951, na iliwafikisha asilimia 13. Kwa haki ya Al-Anon, lengo lao halijawahi kuwa kumpeleka mlevi kutibiwa. Wanamsaidia ndugu apate utulivu wake mwenyewe, na nimewaona watu waliookolewa akili zao na vikundi vya aina hiyo.

Ninayapenda matokeo hayo kwa sababu yanavunja kauli mbili ambazo familia hupewa kila siku. Ya kwanza ni "mfukuzeni, akikosa pa kulala atajirudi." Ya pili ni "mvumilieni, ni damu yenu." Ya kwanza inamkabidhi mtu kwa kundi lile lile linalomuuzia. Ya pili inawafanya wazazi walipe madeni ya dawa, wadanganye waajiri kwa niaba yake na wafiche vilivyoibiwa, na uraibu unaendelea kulishwa na watu wanaompenda. Katikati ya kauli hizo mbili kuna ustadi unaofundishika, na hakuna mzazi anayezaliwa nao. Jamii ikiweza kutoa chumba, viti na mtu mmoja aliyefunzwa vizuri, imeshafanya kubwa.

Sina budi kuzungumzia methadoni, dawa wanayopewa kliniki waraibu wa heroini badala ya heroini yenyewe, kwa sababu ndipo mapokezi yetu yanapoharibika zaidi. Mtu anakwenda kliniki kila asubuhi, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi, anarudi. Majirani wanasema ameacha dawa moja na kushika nyingine. Familia nayo inamuuliza kila mwezi, utamaliza lini? Maneno hayo yanaua. Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha mjini New York mwaka 1965 kwamba methadoni, inayofanya kazi mwilini kwa zaidi ya siku nzima, inaweza kumwondolea mtu arosto na ile hamu bila kumlewesha, akaweza kufanya kazi na kulea. Tangu mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwenye orodha ya dawa muhimu kwa tiba ya uraibu huu. Wanaoitumia hufa kwa uchache kuliko wenzao wasio kwenye tiba, mara nyingi kwa nusu au pungufu ya nusu, na hatari hupanda tena katika wiki za mwanzo baada ya kuiacha. Anayemshinikiza ndugu yake aache methadoni haraka ili aonekane amepona anamsukuma kwenye hatari ile niliyoieleza hapo juu. Daktari ndiye azungumze naye kuhusu muda. Sisi tunaweza kumsindikiza asubuhi, kumshikia mtoto wakati yuko kliniki, na kumtafutia kazi ambayo saa zake hazigongani na za dawa.

Kuhusu watoto ambao hawajaanza, tumepoteza muda mwingi kuwatisha. Picha za sindano, ushuhuda wa machozi, askari anayekuja shuleni mara moja kwa mwaka. Programu maarufu kuliko zote ya kuwatumia polisi kufundisha wanafunzi kukataa dawa ilianza Los Angeles mwaka 1983 na kuenea nchi nyingi, na tafiti zilizoufuatilia mtaala wake wa awali hazikuona tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Mtoto haanzi kwa kukosa taarifa. Huanza kwa sababu yuko mahali ambapo dawa ipo, pamoja na watu wanaotumia, katika saa ambazo hakuna anayemtafuta.

Ndiyo maana mfano wa Iceland umenikaa sana kichwani. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wanafunzi wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema walikuwa wamelewa angalau mara moja ndani ya siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Waliokuwa wakivuta sigara kila siku walishuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Hawakuitegemea hotuba. Waliwauliza vijana wenyewe, kwa madodoso yasiyo na majina, wanakuwa wapi jioni na na nani, kisha kila shule na kila eneo likapewa majibu yake haraka ili wazazi waone ya kwao na si ya taifa tu. Michezo, muziki na shughuli nyingine zikapewa fedha ili mtoto asiye na uwezo asibaki nje. Sheria ikataka wenye miaka 13 hadi 16 wawe ndani ifikapo saa 4 usiku, na saa 6 wakati wa kiangazi. Wazazi wakapeana ahadi za pamoja na wakaanza kutembea mitaani kwa zamu usiku wa mwisho wa wiki. Wazazi pia walihimizwa kukaa na watoto wao muda mwingi wa kawaida, kuliko kuusubiri muda mfupi wa kipekee.

Iceland ni nchi ndogo na ina fedha, na sitegemei mtaa wowote unakili kila kitu. Lakini zile ahadi za wazazi hazina gharama. Mzazi mmoja akimkataza mwanawe kutoka usiku, anaitwa mkali. Wazazi wa darasa zima wakikubaliana saa moja, hakuna mtoto wa kumwambia mama yake kwamba wenzake wote wako nje. Zamu za jioni nazo zinawalinda wa aina mbili kwa wakati mmoja: kijana wa miaka 14 anayezunguka bila sababu, na yule aliyetoka kituoni mwezi uliopita ambaye saa hizo hizo zinamwelemea. Kwenye uwanja wenye taa na mtu mzima anayejulikana kwa jina, wote wawili wana pa kwenda. Tena nimeona waliopona wakiwa ndio wasimamizi bora wa sehemu hizo, kwa sababu wanamtambua muuzaji kwa mbali na wanajua kijana anaanzaje kujitenga.

Na atateleza. Siyo wote, lakini wengi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia wakati fulani, kiwango kisicho mbali na cha wenye shinikizo la damu au pumu wanaoacha kufuata matibabu yao. Hakuna anayemfukuza nyumbani mwenye pumu aliyebanwa tena kifua. Kwa hiyo kabla mtu hajarudi, kundi letu hukaa na familia na kuandika, kwenye karatasi ya kawaida, kitakachofanyika siku hiyo ikifika. Nani atapigiwa simu kwanza, naye awe mtu ambaye mhusika mwenyewe amemchagua. Nani atakaa naye usiku ule. Kliniki gani itaarifiwa asubuhi. Maneno gani hayatasemwa. Baba mmoja aliandika chini kabisa, kwa mkono wake, "Sitamtajia gharama." Mhusika husoma karatasi hiyo na kukubali au kubadilisha, kwa sababu inamhusu yeye na asiyeshirikishwa hatapiga simu.

Karatasi hizo zina kasoro moja ambayo tuliionyeshwa na msichana wa shule, dada wa kijana aliyekuwa amerudi. Alikuwa amekaa pembeni vikao vyote. Siku moja mwezeshaji akamuuliza kama ana la kusema. Akasema kwamba mama yake hajawahi kufika shuleni kwake tangu kaka yake aanze kuumwa, kwa kuwa nyumba haiwezi kuachwa, na kwamba yeye hulala na mkoba wa daftari chini ya mto ili usipotee ukauzwa. Aliyasema kwa utulivu, bila kulalamika. Mtoto kama yule, mwenye ndugu au mzazi mraibu, yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake ya kuangukia huko huko, na katika mpango mzima wa mapokezi jina lake halikuwa popote.

Tangu hapo karatasi ina sehemu ya pili. Tunaandika kila anayeishi ndani ya nyumba hiyo, amekosa nini tangu haya yaanze, na ni nani nje ya nyumba atakayeziba pengo hilo. Kwa yule msichana, familia nyingine mbili zilikubali kupokezana kukaa na kaka yake kila siku ya wazazi shuleni, na daftari zake sasa zinalala kwa jirani.